Godoro la Bibi Fusae na Jua la Jumamosi

Katika mtaa wetu wote wa nyuma ya ngome hakuna kijana anayejua kutunza godoro kunishinda mimi, Chinatsu. Nasema hivyo bila haya, na nililisema hilo kwa miezi miwili mfululizo, kila jioni, kwenye simu, kwa bibi yangu Fusae aliyekuwa amelazwa hospitalini kwa nyonga iliyovunjika.

“Godoro langu halijambo?” Ndivyo alivyokuwa akianza. Mimi mwenyewe kama nimekula au nimekufa, hilo lilikuja baadaye.

“Limeumuka kama mkate wa mvuke, Bibi.”

“Unalikunja asubuhi?”

“Kabla sijapiga mswaki.”

“Jua likitoka?”

“Naanika, napiga, nageuza. Wewe pona tu.”

Godoro lenyewe lilikuwa la pamba tupu, zito kama mtu aliyelala fofofo. Marehemu babu alilijaza kwa mikono yake walipooana, na Bibi aliniachia nililalie yeye akiwa hospitalini, maana aliamini godoro lisilolaliwa hupoteza moyo. Masharti yalikuwa machache, hata mtoto wa chekechea angeyaweza. Asubuhi ukunje, uliingize kwenye kabati la ukutani, mikeka ya sakafu ipumue. Jua likitoka ulitundike kwenye chuma cha roshani, ulipige kwa kipigio cha henzirani, uligeuze. Basi.

Nililikunja. Msiniangalie hivyo, nililikunja kweli, siku za mwanzo. Halafu mvua za mwezi wa sita zikaja, na mvua za mji wetu wa Matsue hazina adabu, zikiingia mjini hukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Asubuhi moja nikalitazama godoro, nikatazama nje, nikajiuliza: jua hakuna, sasa nakunja ili iweje? Usiku si nitalitandika tena? Nikaliacha chini. Kesho yake pia. Watu wa kwetu wana jina la kejeli kwa godoro lisiloinuka sakafuni: kitanda cha miaka elfu kumi. Ni jina la wanafunzi wavivu na wanaume walioachwa na wake zao. Mimi sikufikisha miaka elfu kumi. Wiki mbili. Haya, tatu, na sababu ilikuwa mvua.

Jumamosi ile mvua ikakatika. Niliamka saa mbili, jua limejaa chumbani, na siku yenyewe ilikuwa siku ya Bibi. Saa tisa alasiri Bi Onodera, afisa wa huduma za wazee, alikuwa anakuja kukagua chumba, akiwa na Bibi kwenye kiti cha magurudumu na Mjomba Teruo akisukuma. Bibi alikuwa ameugua kifua akiwa hospitalini, kwa hiyo Bi Onodera aliweka mambo mawili wazi: chumba kiwe kikavu, na sakafu iwe sawa, isiwe na kitu cha kumkwaza. Vikipita, Bibi anarudi nyumbani, atakodiwa kitanda cha kupanda na kushuka, na juu yake litawekwa godoro lake, maana bila hilo alisema hakilalii. Visipopita, kulikuwa na nafasi moja katika nyumba ya wazee kule mlimani. Mjomba alishaitazama, na jibu lilitakiwa Jumamosi hiyohiyo kabla ya jioni.

“Mimi simchukii mama yangu,” Mjomba aliniambia kwenye simu. “Sitaki tu aanguke mara ya pili.”

“Hataanguka. Chumba kinang’aa,” nikamwambia.

Nikashika pembe mbili za godoro, nikainua. Halikuinuka. Nikavuta. Likatoka na sauti kama plasta inayobanduliwa kwenye kidonda.

Chini kulikuwa na mtu.

Alikuwa amelala ubavu, goti la kushoto amelikunja, mkono chini ya kichwa, na alikuwa wa kijani. Kijani mabegani, kijivu kiunoni, mweusi kabisa pale kwenye nyonga. Kuvu ilikuwa imenichora. Nilipogeuza godoro nikamkuta pacha wake upande wa chini. Jasho langu lote la usiku lilishuka kupitia pamba ya babu, likakuta mkeka baridi, likakaa hapo likazaa.

Nilisimama nikiwa nimeziba pua, na wazo la kwanza halikuwa Bibi wala kifua chake. Nasikitika kusema hivyo. Wazo la kwanza lilikuwa: majirani.

Maana siku jua linapotoka baada ya mvua ndefu, mtaa mzima hutoa matandiko nje kwa pamoja. Saa tatu ilipofika roshani zote zilikuwa zimetoa ndimi: magodoro, mifarishi, mito, foronya, mablanketi ya watoto yenye picha za sungura. Kipigio kilikuwa kinasikika kila upande, pa, pa, pa. Nami nikatoka na langu, nikalitundika. Upande msafi nje, upande wenye mtu wa kijani ndani, ukiniangalia mimi.

“Chinatsu!” Huyo alikuwa Mama Kurata, jirani yetu. Roshani yake na yetu zimekaribiana kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye ninayejifuta. “Kumbe upo hai?”

“Nipo, Mama Kurata. Shikamoo.”

“Marahaba. Leo Fusae anakuja kuangalia?”

“Saa tisa.”

“Basi ligeuze hilo saa nne, ukiligeuza saa nne mpaka saa sita limekauka lote. Pamba ya zamani hiyo, hainywi jua haraka.”

“Sawa, Mama.”

“Na ulipige taratibu! Unapiga godoro, humpigi mwizi.”

Saa nne ikafika. Nikashika kingo za godoro niligeuze. Mama Kurata alikuwa palepale, anapanga foronya zake kwa ukubwa. Ng’ambo ya njia mke wa mwalimu alikuwa anapiga mfarishi. Bwana mmoja alikuwa anapita na mbwa, na mbwa akasimama, akatazama juu kwetu kana kwamba ananusa habari. Nikaachia kingo.

“Bado?” Mama Kurata akauliza.

“Upande huu haujashiba.”

“Hivi hilo ni godoro au mume wangu?”

Nikacheka. Kila dakika niliyocheka, jua lilikuwa linakausha upande ambao haukuwa na shida, na upande wenye shida ulikuwa kivulini, unatoa ile harufu yake ya kabati la marehemu. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, nilijua kabisa kwamba tiba ilikuwa kugeuza tu, na nikashindwa kugeuza.

Nikaingia ndani kupambana na mkeka. Nilikimbilia duka la dawa nikanunua spiriti, maana mkeka ukiupa maji umeilisha kuvu. Nikanyunyiza, nikasugua kwa mswaki wa zamani kufuata nyuzi, nikafuta, nikafungua madirisha yote. Manyoya ya kijani yakatoka. Mtu akabaki. Alikuwa sasa wa rangi ya kahawia, amekonda kidogo, lakini goti lilelile. Spiriti ilikuwa inaua, haifuti.

Saa sita. Nikasugua tena. Nikapata kizunguzungu cha harufu nikaenda kukaa kwenye ngazi. Pale kwenye ngazi nikamwona Bibi katika mawazo, amekaa kwenye chumba cha mlimani chenye dirisha lisilofunguka, anampigia mtu simu na kuuliza godoro langu halijambo. Nikasimama haraka.

Na hapo ndipo akili yangu ya sekondari ikanipa wazo. Chumba kina mikeka sita. Mkeka mmoja umeharibika, ule wa katikati. Kwenye kona, chini ya kabati la nguo la Bibi, kuna mkeka mwingine ambao hakuna mtu anayeuona. Ungefanya nini wewe?

Nilichomoa droo zote, nikasukuma kabati kwa mgongo. Nikatia bisibisi kwenye mwanya wa mkeka, nikaukwanyua. Mkeka wa kwetu si ule wa kukunja na kutia kwapani. Ni mnene kama kamusi na mzito kama mimi. Niliusimamisha, nikazunguka nao chumbani, nikauegemeza ukutani, nikautoa ule wa mtu wangu, nikauingiza konani. Ukaingia kwa kulalamika. Nikarudisha kabati juu yake, droo moja moja, mtu akafukiwa. Kisha nikaulaza mkeka wa kona pale katikati.

Haukukaa.

Upande mmoja ulizama vizuri. Upande wa pili ulisimama juu ya jirani yake kwa unene wa kidole. Nikaukanyaga. Nikaruka juu yake. Nikakaa, nikaruka nikiwa nimekaa. Kila mtoto wa nchi hii anajua kwamba nyumba za zamani hazina pembe zilizonyooka, na fundi wa mikeka hupima kila mkeka kwa mahali pake na kuandika nyuma yake unakwenda wapi. Nilijua hilo pia. Siku ile nilikuwa najua vitu vingi sana.

Saa nane na nusu jua likaingia nyuma ya wingu. Nikalivuta godoro ndani, upande wa chini bado una ubaridi mkononi, nikalikunja mtu ndani, nikaliingiza kwenye kabati la ukutani. Juu ya ule ukingo ulioinuka nikatandika kazulia ka bafuni, kale kenye picha ya bata. Nikasimama mlangoni nikatazama. Kwa mbali, ukikunja macho, kilikuwa chumba.

Kengele ikalia.

Bibi alikuwa amepungua. Sikulitarajia hilo, sauti yake kwenye simu ilikuwa na mwili kuliko yeye. Alinishika shavu, akanivuta sikio, akasema, “Unanuka spiriti. Umeanza kulewa?”

“Nilikuwa nasafisha, Bibi.”

“Kwa nini, si ulisema kunang’aa?”

Mjomba Teruo alimbeba mgongoni kupanda ngazi tatu za mlango, akamrudisha kwenye kiti. Bi Onodera alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na futi ya chuma mfukoni. Watu wa upole wenye futi ndio wa kuogopwa. Alipima mlango wa choo. Alipima kizingiti. Alivua ndala za ndani, akaingia chumbani kwa soksi, polepole, anakanyaga kama paka.

Akasimama mbele ya bata.

“Hili zulia ni la siku zote?”

“Ni la mapambo,” nikasema.

“Mazulia madogo ndiyo yanayovunja nyonga za watu,” akasema, akainama, akamwondoa bata.

Wote tukatazama ule ukingo. Bi Onodera akatoa futi yake, akapima, akaandika. Sauti ya kalamu yake niliisikia mpaka magotini.

“Mikeka imeinuka?” akauliza.

“Ni mvua,” nikasema. “Nyumba kuukuu, mvua ikizidi sakafu inavimba. Yaani nyumba nzima inavimba.”

“Nyumba nzima.” Mjomba akavuta pumzi, akamgeukia Bibi. “Mama, unasikia? Si mimi ninayesema. Kama sakafu yenyewe inavimba, hapa hapafai. Nitawapigia wale wa mlimani sasa hivi, kabla hawajafunga.”

Akatoa simu.

Bibi hakubisha. Huyu ni mwanamke aliyewahi kubishana na daktari wa meno huku mdomo wake uko wazi. Alitazama ukuta, akatazama dirisha, akaweka mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayesubiri basi ambalo halimhusu. Akasema, “Basi nichukulieni ule mto wangu mdogo.”

Simu ya Mjomba ikaanza kuita upande wa pili.

“Si nyumba!” nikapiga kelele. “Ni mimi. Mjomba, kata. Kata simu! Huo mkeka si wa hapo. Nimeuhamisha kutoka chini ya kabati.”

“Uliuhamisha kwa nini?”

Ili nijibu ilibidi tusukume kabati. Mjomba alisukuma, mimi nikavuta, na mtu wangu wa kahawia akatokea kidogokidogo, kwanza kichwa, halafu mkono, halafu lile goti. Halafu nikafungua kabati la ukutani mwenyewe, kabla sijaambiwa, nikakunjua godoro, nikawaonyesha pacha.

Bi Onodera akapiga magoti, akanusa, akagusa mkeka kwa kitambaa cheupe. Bibi alijisukuma kwa magurudumu yake mpaka ukingoni, akainama, akatazama.

“Bado unalala umekunja goti,” akasema. “Kama ulivyokuwa na miaka minne.”

Ningependelea angenitukana.

“Bi Onodera,” nikasema, “tukiurudisha ule mkeka kwake, hakuna ukingo. Sakafu ya Bibi ni sawa kama meza. Ulioharibika ni huu mmoja.”

Bi Onodera alimwambia Mjomba amsaidie, wakaunyanyua mkeka wa kona wakaurudisha kwake, ukaingia bila kulalamika. Wakaulaza ule wangu katikati. Akapitisha kiganja kwenye viungo vyote vya sakafu. Akamwambia Mjomba auinue tena ule wangu, akalala kifudifudi akachungulia mbao za chini kwa tochi, akagonga hapa na pale.

“Mbao ni kavu,” akasema. “Shida ni ya mkeka mmoja na godoro moja. Fundi akileta mkeka mpya, na chumba kikakaa wazi siku tano, sina sababu ya kukataa. Nitakuja Ijumaa kuangalia. Lakini kwenye godoro hilo, Bi Fusae, hapana. Kifua chako hakiliwezi.”

“Pamba haifi,” Bibi akasema. “Inavuliwa nguo. Lipelekeni kwa mpiga pamba, atoe pamba iliyooza, aongeze mpya, alivishe upya. Kitanda chenu nitakipanda likiwa tayari. Kabla ya hapo nilazeni hata kwenye kabati, ila kabati la nyumbani kwangu.”

Mjomba aliangalia simu yake, akaitia mfukoni. “Ijumaa, basi,” akasema. Nikaona mabega ya Bibi yakishuka, na mimi nikakaa sakafuni.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mzuri. Lakini Mjomba akauliza, “Umelilalia siku ngapi bila kulikunja?” na wote wakanigeukia, na Mama Kurata akawa ndiyo kwanza anaingia kumwamkia Bibi, na sahani ya biringanya za chumvi mkononi.

“Wiki moja,” nikasema. “Mvua tu zile za mwisho. Kabla ya hapo, kila jua likitoka, lilikuwa linaninginia pale kwenye chuma. Bibi ni shahidi, si nilikuwa nakwambia kwenye simu?”

“Mimi nilisikia tu,” Bibi akasema. “Kusikia si kuona. Shoga, wewe unakaa karibu. Lilikuwa linaninginia?”

Mama Kurata aliweka sahani chini, akapangusa mikono kwenye aproni. “Sipendi kuingilia mambo ya watu, Fusae.”

“Tangu lini?”

“Haya. Unaujua mmea wangu wa maua ya asubuhi, ule wa kutambaa? Mwaka huu ulivuka kwenye kamba ya nguo ukahamia kwenu. Ukakishika chuma cha roshani yenu, ukakizungusha, ukaenda mpaka mwisho, ukarudi. Nikasema niuvute, nikaona hakuna anayekigusa chuma hicho, nikauacha ustarehe. Hizo zilikuwa siku kumi kabla ya mvua kuanza.”

“Kabla,” Mjomba akarudia.

“Kabla. Leo asubuhi namwona huyu bibie anatoka na mkasi. Kachi, kachi, kachi, mmea wangu wote chini, ndipo akapata mahali pa kutundika godoro. Sikusema kitu, nikajua ana haraka. Ila nilihuzunika, maana ulikuwa na maua sita yamefunguka.”

“Manne tu!” nikasema.

Hakuna aliyecheka. Bibi akachukua kipande cha biringanya, akakitafuna taratibu, macho yake juu yangu, na hata Bi Onodera akaifungua tena kalamu yake.